Kijiji cha skii kwa kundi la watu 11: mimi nasema twende kilicho juu kuliko vyote, nipingeni

#1 Mpangaji wa Safari
Wakuu, salama? Nimebebeshwa mzigo wa kupanga likizo ya theluji ya watu 11, katikati ya Februari, milima ya Alps. Wanne wanateleza vizuri sana. Watano hawajawahi kufunga skii miguuni. Wawili hawatelezi na hawana mpango wa kujaribu: mmoja ana goti bovu, mwingine kasema anakuja kula na kulala. Mezani tuna Val Thorens na Morzine za Ufaransa, na Zermatt ya Uswisi, na kundi la WhatsApp limeshakuwa uwanja wa vita.
Msimamo wangu: theluji kwanza. Kijiji kikiwa juu, mengine yatajipanga. Val Thorens iko mita 2,300 na Ulaya hakuna kijiji cha skii kinachoizidi. Mwenye hoja alete.

#2 Kobe Taratibu
Umeshaamua, unatafuta mashahidi tu. Haya, nimevuta kiti.

#3 Ngoma Nzito
Val Thorens sio ya juu kuliko zote mkuu. Zermatt lifti zinafika mita 3,883 na watu wanateleza mpaka kiangazi. Chukua Zermatt, uje usimulie wajukuu.

#4 Fundi Saa
@Ngoma Nzito unachanganya kilele na kitanda. Hiyo 3,883 ni pale lifti inapoishia. Kijiji cha Zermatt chenyewe kiko kama mita 1,620. Mleta uzi anazungumzia mahali watu watakapolala, na hapo Val Thorens ndiyo inaongoza.
Matangazo huzichezea sana namba hizi mbili. Kituo chenye kijiji cha chini kitakuandikia urefu wa kilele kwa herufi kubwa, na chenye kilele kifupi kitakimbilia kwenye kilomita. Wewe uliza mambo matatu: kijiji kiko urefu gani, njia nyingi ziko urefu gani, na zinatazama upande gani. Mteremko unaotazama kaskazini hutunza theluji yake wakati jirani yake wa kusini ameshaonyesha majani.

#5 Ngoma Nzito
Sawa mwalimu. Zermatt bado naitaka.

#6 Bi Tausi
Mpangaji, soma tena bandiko lako mwenyewe. Kati ya watu 11, wanaojali ubora wa theluji ni wanne. Wale watano wapya watakaa kwenye mteremko mmoja mpana siku tatu za mwanzo, wakianguka na kuinuka, na mteremko huo unaweza kuwa na theluji ya mashine wasijue tofauti. Wawili waliobaki wanataka njia ya kutembea iliyosafishwa, kiti juani na chakula cha moto.
Kinachovunja kundi ni chakula cha mchana. Nimeshakwenda na kundi kama lako, kijiji sikitaji. Kilijengwa kwa ngazi ngazi mlimani. Darasa la wanaoanza liliisha saa sita huku chini, mafundi walikuwa bonde la pili, na wa goti alibaki kwenye apatimenti akitazama maegesho ya magari. Ilipofika katikati ya wiki tulikuwa kambi tatu, kila moja na meza yake na utani wake, na jioni hakuna anayejua mwenzake anacheka nini.
Tafuta kijiji ambacho asiyeteleza anaweza kupanda treni au gondola (kibanda cha kebo) akawakuta wenzake juu. Wengen au Grindelwald za Uswisi, kwa mfano. Treni inapita katikati ya eneo la kuteleza, na ukitaka unaendelea nayo mpaka stesheni ya Jungfraujoch, mita 3,454, ambayo imekuwepo tangu 1912. Huyo wa goti atarudi na picha nzuri kuliko za wote.

#7 Sauti ya Pembeni
Naunga mkono Grindelwald. Tena pale kuna njia ya sleji ya kilomita 15 kutoka Faulhorn, ndefu ajabu. Wasioteleza wapewe sleji, kazi imekwisha.

#8 Bi Tausi
@Sauti ya Pembeni hiyo ya Faulhorn unapanda kwanza kwa miguu zaidi ya saa mbili, sleji unaiburuta nyuma. Umpe mwenye goti bovu?

#9 Sauti ya Pembeni
Nilisema wasioteleza, sikusema wagonjwa. Yule wa kula na kulala ataweza.

#10 Kobe Taratibu
Yule wa kula na kulala akisikia saa mbili za kupanda mlima atarudi uwanja wa ndege na soksi alizovaa.

#11 Nyeusi Tupu
Naona uzi mzima unawahurumia wanaoanza. Wale wanne nao wamelipa. Uwapeleke kilima cha watoto, Jumanne wameshamaliza njia zote, Jumatano wanaanza kutoka nje ya njia bila mwongozaji kwa sababu wamechoka kurudia. Huko ndiko ajali zinakotokea.
Les Trois Vallées ina njia kama kilomita 600 zilizounganishwa: Courchevel, Méribel, Les Menuires, Val Thorens. Wanne wanaondoka asubuhi wanazunguka mabonde, watano wanabaki na mwalimu pale pale mbele ya kijiji. Mpangaji yuko sahihi ila kwa sababu isiyo sahihi. Faida ya Val Thorens kwa kundi ni kwamba karibu majengo yote yako ukingoni mwa njia. Unafungua mlango, unafunga skii, unashuka.

#12 Mama Pacha
Val Thorens haina miti. Hilo hamjalisema. Iko juu ya mstari wa msitu, kwa hiyo mawingu yakishuka ardhi na anga vinakuwa rangi moja, huoni kama mbele kuna shimo au tuta. Wazoefu wenyewe wanasimama wanapapasa kwa fimbo. Mtu wa siku yake ya pili atalia. Kwenye vijiji vya chini siku kama hizo unaingia kwenye njia za msituni, miti inakupa kipimo cha macho, unaendelea kidogo kidogo.
Halafu mita 2,300 ni juu kwa kulala. Si kila mtu atasikia kitu, ila usiku wa kwanza na wa pili wapo wanaoamka amka, kichwa kinauma, koo limekauka. Kama kuna mwenye tatizo la moyo au mapafu aongee na daktari wake kabla hamjalipa.

#13 Mpangaji wa Safari
Nashukuru wote. Mama Pacha hilo la miti sikuwa nimelifikiria. Lakini bado: nikichagua cha chini halafu theluji isije, nani atalaumiwa? Mimi.

#14 Jongoo
Nani kakudanganya kwamba urefu ndio theluji? Niseko, Japani, kilele cha mlima Annupuri hakifiki hata mita 1,310, na kwa theluji wanaipiku Alps karibu yote. Hewa baridi inatoka Siberia, inavuka bahari ya Japani inabeba unyevu, ikifika Hokkaido inaumwaga. Warth kule Austria iko kama mita 1,500 tu, na inapata theluji kuliko vijiji vingi vilivyo juu yake, kwa sababu mawingu ya kaskazini magharibi yanaigonga kwanza. Angalia mawingu yanatoka wapi, acha kuhesabu mita.

#15 Fundi Saa
@Jongoo kuanguka ni jambo moja, kubaki ni jingine. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Kwa hiyo wingu lile lile linaweza kumwaga theluji mita 1,800 na mvua mita 1,000. Niseko inaokolewa na baridi ya Siberia, na Morzine haina Siberia. Morzine iko mita 1,000. Mkumbuke mwanzoni mwa Januari 2023, joto lilipovunja rekodi Ulaya: vituo vingi vya chini vilifunga njia zao na picha zilikuwa za mkanda mwembamba mweupe katikati ya majani.

#16 Jongoo
Januari mwanzoni, ndiyo. Yeye anakwenda katikati ya Februari, theluji ya msimu imeshalala. Hofu ya urefu ni ya Desemba na Aprili.

#17 Fundi Saa
Februari nayo ina mvua zake siku hizi. Ila nakupa nusu.

#18 Kalenda
Wakati mnapigana na mawingu, mmesahau tarehe. Katikati ya Februari! Ufaransa imegawanya shule kwa kanda tatu, kila kanda na wiki zake mbili za likizo ya majira ya baridi, zinapishana kwa wiki nne hivi kati ya Februari na mwanzo wa Machi. Waingereza na Waholanzi nao wana likizo zao humo humo. Foleni za lifti, walimu wamejaa, apatimenti zinakodishwa Jumamosi kwa Jumamosi. Siku hiyo barabara ya Moûtiers, mji wa bondeni unaopitwa kwenda Les Trois Vallées, inajaa magari yanayopanda yakipishana na yanayoshuka, na nyinyi watu 11 mko kwenye basi dogo mnasubiri zamu ya kwenda chooni.
Hata kijiji kiwe kizuri vipi, wiki mbaya itakiharibu. Sogeza kwenda katikati ya Januari au wiki ya pili ya Machi. Bei inashuka na walimu wanapatikana.

#19 Mpangaji wa Safari
Wawili kati yetu ni walimu wa shule @Kalenda. Wiki ni hiyo hiyo au hawaji.

#20 Kalenda
Basi weka nafasi ya darasa la skii kabla hujalipia hata kitanda. Sifanyi utani. Vitanda utapata, walimu wa kundi la watu wazima wanaoanza wiki hiyo hutapata.

#21 Pochi Nyembamba
Naona mnataja Uswisi kama vile hela zinaokotwa. Kwa wanaohesabu: Bansko, Bulgaria. Chakula, vitanda, darasa, vyote viko chini ukilinganisha na Alps. Au Andorra, Grandvalira ina kilomita kama 210, kodi ndogo, walimu wazuri wa wanaoanza.

#22 Tiketi Mkononi
@Pochi Nyembamba Andorra waambie na hili: haina uwanja wa ndege wa kimataifa, unatua Toulouse au Barcelona halafu barabara ya saa tatu hivi. Na Andorra haimo kwenye Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishavuka kwenda Andorra ametoka, na njia ya kurudi ni Ufaransa au Hispania, yaani anaingia upya. Anahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja. Kwenye watu 11 lazima yupo mmoja wa viza ya mara moja.
Bansko nayo: kijiji kiko chini, milima iko juu, na kati yao kuna gondola moja ndefu. Asubuhi za msimu wa watu wengi foleni yake ni mazungumzo ya siku nzima. Ukilala mbali nayo unaamka gizani.

#23 Pochi Nyembamba
Foleni ni bure lakini.

#24 Nyeusi Tupu
Kuna mtu ataje kilomita ili nimalizie hasira zangu. Hizi namba za "kilomita 400, kilomita 600" msizichukue kama msahafu. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, Christoph Schrahe, alizipima mwenyewe akakuta vituo vikubwa vingi vimejiongezea. Wengine walihesabu mikunjo ya mtelezaji anavyopinda kushoto na kulia badala ya urefu wa njia. Na hata ziwe za kweli, anayeanza hatateleza zaidi ya njia mbili tatu.

#25 Bi Tausi
@Nyeusi Tupu si wewe uliyeleta 600 kwenye #11?

#26 Nyeusi Tupu
Nilisema "kama".

#27 Kobe Taratibu
Hahaha, wakili huyo.

#28 Mlango wa Tatu
Niongeze la makazi, maana hapo ndipo watu wanapoingizwa mkenge. Tangazo linasema "dakika tatu kutoka lifti". Tatu kwa nani? Sisi tulifikishwa kwenye nyumba nzuri ya mbao, na dakika tatu zile zilikuwa ngazi za chuma zilizoganda barafu, kwenda juu. Umevaa buti za plastiki zisizokunja kifundo, unakanyaga kisigino kwanza, skii begani zinateleza zinafunguka kama mkasi, ukigeuka kumwita mwenzako unampiga wa nyuma kichwani. Anayeanza anafika darasani ameshatoka jasho na hasira zimempanda. Mwenye nyumba tulipomuuliza akasema ramani haionyeshi ngazi.
Kwa hiyo usiulize umbali. Uliza: ni tambarare au kupanda? Skii zinalala wapi usiku? Kuna kabati la kukaushia buti? Buti mbichi asubuhi ni adhabu.

#29 Ngoma Nzito
Mambo ya ngazi hayapo Zermatt, kijiji hakina magari ya mafuta kabisa, unaacha gari Täsch unaingia kwa treni, ndani kuna teksi za umeme. Na ukichoka na Uswisi unateleza mpaka Cervinia, Italia, unakula pasta, unarudi.

#30 Fundi Saa
Unarudi kama upepo ukikubali. Upepo ukizidi wanafunga lifti za juu na mko upande wa Italia. Kurudi kwa gari ni kuizunguka milima saa kadhaa. Kundi la watu 11 likigawanyika nchi mbili kwa ajili ya pasta, sijui nani atalipa teksi.
Na mkivuka mkumbuke sheria za Italia: tangu Januari 2022 kila mtelezaji awe na bima ya madhara kwa wengine, na sasa helmeti ni lazima kwa kila mtu, si watoto tu.

#31 Mama Pacha
Bima yenyewe soma maandishi madogo. Nyingi hazilipi ukiteleza nje ya njia, na helikopta ya kukutoa mlimani si ya mchezo. Ufaransa unaweza kuongeza bima ya Carré Neige pale pale unaponunua pasi ya lifti.

#32 Jongoo
Mimi nadhani wote mnatafuta mchawi kwenye ramani wakati yuko kwenye kundi la WhatsApp. Watu 11 hawachagui kijiji kwa kura. Kila mmoja anatuma kiungo, mwenye sauti kubwa anashinda, wengine wananuna, na huko mlimani kila kosa dogo linarudishiwa aliyechagua. Mpangaji achague viwili, awape bei kamili ya kila kimoja pamoja na kukodi vifaa, darasa na usafiri, wapige kura siku moja, mlango ufungwe.

#33 Bi Tausi
Bei kamili ndiyo. Makundi mengi yanagombana kwa sababu ya hela, kijiji ni kisingizio. Asiyeteleza anaambiwa bili igawanywe sawa, na ndani yake kuna pasi za lifti za wengine.

#34 Sauti ya Pembeni
Sikubali. Nimeona kundi la watu wenye hela zao likivunjika kwa sababu mmoja alikuwa anasubiriwa kila lifti. Tatizo ni viwango. Ukimwambia mpenzi wako utamfundisha mwenyewe, hapo hata Val d'Isère haikuokoi.

#35 Kobe Taratibu
Hapo umesema kitu. Mwalimu wa kulipwa ni nafuu kuliko talaka.

#36 Mpangaji wa Safari
Haya, baada ya kusoma yote Zermatt nimeitoa (samahani @Ngoma Nzito). Morzine wale wawili wanaipenda kwa sababu ni mji halisi, una maduka na uwanja wa barafu, ila mita 1,000 zinaninyima usingizi. Sasa nafikiria Avoriaz: lifti zile zile za Portes du Soleil, eneo moja na Morzine, lakini mita 1,800, haina magari, unateleza kati ya majengo. Ya pili ni La Plagne, pale Belle Plagne. Val Thorens bado ipo, wale wanne hawajaachia.

#37 Nyeusi Tupu
Wakae hapo hapo wasiachie.

#38 Mlango wa Tatu
Avoriaz ni jibu zuri la mtu anayeogopa Morzine. Lakini baada ya saa kumi jioni asiyeteleza atafanya nini pale? Ni majengo ya tangu miaka ya 1960 yaliyovikwa mbao, ukimaliza kuyashangaa umeyamaliza. Akitaka kushuka Morzine ni gondola, na aangalie gondola ya mwisho ni saa ngapi.

#39 Tiketi Mkononi
La Plagne kwa wanaoanza ni kama imetengenezwa kwa ajili yao, njia za bluu (rahisi) pana nyingi. Wale wanne wanavuka kwenda Les Arcs kwa Vanoise Express, kebo ya ghorofa mbili inayobeba watu 200 kila upande, ipo tangu 2003. Angalia tu pasi yao iwe ya Paradiski nzima (La Plagne na Les Arcs pamoja), ya La Plagne peke yake haivuki.
Kama mnakuja kwa treni, geuza: lala upande wa Les Arcs, kijiji cha Arc 1600. Treni inafika Bourg-Saint-Maurice, unavuka kwenda kwenye reli ya mlimani, dakika saba uko kijijini. Foleni ya Jumamosi ya @Kalenda inakupita chini huko.

#40 Mama Pacha
Les Arcs ina miti, nimeridhika.

#41 Bi Tausi
Ina miti, lakini nani kauliza yule wa goti atakula wapi mchana?

#42 Mgeni wa Theluji
Habari, nimefuata uzi kimya. Mimi ni mmoja wa "watano" kwenye kundi jingine. Hivi anayeanza anunue pasi ya wiki nzima ya eneo lote? Tumeambiwa kundi lote linunue sawa ili kurahisisha.

#43 Tiketi Mkononi
Usinunue. Vituo vingi vya Ufaransa vina lifti chache za bure au pasi ndogo ya wanaoanza. Anza nayo, mwalimu wako atakuambia siku gani uongeze. Na waliosema "ili kurahisisha" waulize wanamrahisishia nani.

#44 Mgeni wa Theluji
Asante. Na buti, nikodi huku mtandaoni kabla au nikifika?

#45 Mlango wa Tatu
Lipia mapema upate punguzo, lakini buti lazima uzijaribu ukiwa umesimama pale dukani, na soksi moja nyembamba tu. Vidole viguse mbele ukisimama wima, ukikunja magoti virudi nyuma. Siku ya pili zikikuuma rudi ubadilishiwe, usione aibu, wanabadilisha kila siku.

#46 Jongoo
Mpangaji umepotea, kura imefika wapi?

#47 Mpangaji wa Safari
La Plagne tano, Val Thorens nne, Avoriaz moja. Wa kula na kulala hajajibu, amelala.